Aliyefungwa taya naye aulizwe kama anaumwa

Mhariri,

Gazeti lako halipiti wiki bila ajali ya bodaboda, na habari hizo karibu zote zinaishia mahali pamoja: majeruhi wamelazwa na hali zao zinaendelea vizuri. Mimi nimewahi kuwa miongoni mwa hao wanaoendelea vizuri. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako, hasa wauguzi na madaktari, yanayotokea wadini mwandishi akishaondoka.

Ni mama lishe hapa Msamvu, Morogoro. Siku hiyo nilikuwa abiria, nimepakata mfuko wa mchele, gari dogo likatugonga ubavuni, nikatua kwa kidevu. Daktari aliniambia baadaye kwamba anayeangukia kidevu mara nyingi huvunjika mahali pawili: palipogonga, na juu karibu na sikio la upande wa pili, kwenye kichwa cha mfupa kinachocheza ndani ya kiungo. Ndivyo ilivyokuwa. Kulia kwa kidevu, na kushoto mbele ya sikio.

Waliolitengeneza taya langu sina ugomvi nao. Walifanya kazi safi, na leo natafuna hata mahindi ya kuchoma. Ninacholalamikia ni maumivu, ambayo kila niliyekutana naye aliyaona kuwa ni kazi ya mtu mwingine.

Hospitali nilikofikishwa kwanza nilikesha nimeshika kidevu kwa viganja viwili, maana nikikiachia tu, vipande vya mfupa vinasagana. Nikimeza mate, vinasagana. Jioni nilichomwa sindano moja ya diklofenaki, dawa ya maumivu. Usiku nilipomwonyesha muuguzi kwa mikono kwamba bado hali ni mbaya, akanijibu, "Vumilia, mama. Kwani wewe hujazaa?" Nimezaa, watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyepitia kwenye taya.

Kesho yake nikapewa rufaa. Huko nilikopelekwa, daktari wa meno wa zamu, kijana mdogo kabisa, alinichoma ganzi, akapitisha waya mwembamba kwenye meno yaliyo huku na huku ya pale palipovunjika, akaukaza. Ilikuwa kazi ya muda tu, ya kungojea nafasi ya chumba cha upasuaji. Vipande vikatulia, nami nikalala usingizi. Kumbe mfupa uliovunjika unataka kwanza uzuiwe usicheze, kidonge kinafuata. Waya na sindano ya ganzi si vifaa vya ajabu, na kitengo cha meno kipo katika hospitali nyingi za wilaya. Sioni sababu ya mtu kusafirishwa kilomita nyingi kwenye barabara ya mashimo huku mfupa unacheza.

Baada ya upasuaji niliamka meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja. Wanashona chuma chembamba kwenye meno ya juu, kingine kwenye ya chini, halafu wanaviunganisha kwa waya ili meno yakutane kama yalivyokuwa kabla ya ajali. Mtu mzima mara nyingi hukaa hivyo wiki 4 hadi 6. Wapo wanaowekewa bamba la titani na skurubu, hao hufungua mdomo mapema zaidi, lakini wengi wetu tunafungwa.

Sasa fikiria asubuhi madaktari wanapopita wadini. Wa kitanda cha jirani anaulizwa anaendeleaje, anajieleza. Wakifika kwangu wanafungua faili: joto sawa, presha sawa, waya umekaza, wanasogea mbele. Hakuna mgonjwa anayeonekana mtulivu kama aliyefungwa mdomo. Haiti sista, hagombi, hapigi yowe. Uso umevimba kiasi kwamba hata ukikunja sura hakuna anayeona. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi uji niliulizwa kila siku, niliutaka mwepesi au mzito, wa chumvi au wa sukari. Maumivu ndiyo sikuulizwa.

Aliyeniuliza alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Aliandika 0 hadi 10 kwenye daftari lake, akanieleza kwamba 0 ni hakuna maumivu na 10 ni yale usiyoweza kuyafikiria zaidi, kisha akanipa kalamu. Nikazungushia 8. Akashtuka, akaenda kumwita mkubwa wake. Zoezi zima lilikuwa fupi kuliko kupima presha, na asiyejua kusoma angeonyesha kwa vidole.

Basi nikaandikiwa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa vidonge. Vidonge, Mhariri, kwa mtu ambaye meno yake yamefungwa kwa waya! Nilikaa na ile pakiti mkononi nikaanza kucheka kwa pua, na kucheka nako kunauma.

Niliporuhusiwa nyumbani, duka la dawa liliniuzia parasetamo ya maji ya watoto, chupa ya mililita 60, nikaambiwa kijiko kimoja mara tatu. Hapa naomba wasomaji tupige hesabu pamoja. Dawa ile kwa kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kipimo cha mtu mzima mwenye maumivu makali ni miligramu 1,000 kwa mara moja. Mimi nakadiria chumvi ya sufuria la watu hamsini, kwa hiyo hesabu ya namna hii hainishindi: ni mililita 42 hivi, zaidi ya theluthi mbili za chupa kwa mkupuo mmoja, na tena baada ya saa 6. Chupa karibu tatu kwa siku. Kile kijiko kimoja nilichoandikiwa kilikuwa kipimo cha mtoto anayejifunza kutembea.

Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya ndiye aliyeninyoosha nilipomwandikia haya yote kwenye karatasi siku ya kliniki. Parasetamo ya kawaida, alisema, unaweza kuisaga ikawa unga laini kabisa, ukakoroga kwenye maji ya uvuguvugu na kunywa. Au utafute ile inayochemka kwenye maji. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, maana ini linaumia. Pamoja nayo, brufeni ya maji: yenye miligramu 100 katika mililita 5, kipimo cha 400 ni mililita 20. Hizi mbili zinafanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana zikinywewa zote, kila moja kwa saa zake, zinashinda moja peke yake. Utafiti kwa watu waliong'olewa magego ya mwisho umeonyesha kuwa kwa maumivu ya namna hiyo zinatosha kushindana na dawa kali za jamii ya afyuni. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo au mjamzito asiiguse brufeni bila kuuliza. Na isinywewe tumbo tupu. Kwetu tuliofungwa maana yake ni uji kwanza, dawa baadaye.

Akaongeza kwamba si kila kidonge kinasagwa. Vile vilivyovikwa ganda la kulinda tumbo, na vile vinavyoachia dawa polepole, kama vilivyo vingi vya diklofenaki, ukivisaga umeharibu mpango mzima. Nani alikuwa ameniambia hilo? Jirani yangu mtaani alikuwa amenishauri nisage chochote nitakachopewa, na alinishauri kwa upendo.

Hata uchaguzi wa dawa kali una maana yake kwa mtu wa waya. Tramadoli inawatia wengi kichefuchefu, na aliyefungwa taya akitapika anaweza kukabwa na matapishi yake. Ndiyo maana mtu anaruhusiwa akiwa na koleo la kukatia waya. Langu lilining'inia msumarini juu ya kitanda, na binti yangu alionyeshwa nyaya zipi akate na jinsi ya kuniinamisha mbele. Namshukuru Mungu halikutumika.

Wadini nilijifunza kwamba kuna maumivu mengine yanayopotea kwa sababu watu wanatazama mahali pasipo. Kulikuwa na binti aliyekatwa sehemu ya taya kwa uvimbe uitwao ameloblastoma. Uvimbe huu hukua polepole, miaka na miaka, mara nyingi bila kuuma, ndiyo maana watu wanachelewa kuja hadi uso umepinda. Walimwekea mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga. Kila aliyekuja alimulika tochi mdomoni, akaridhika. Binti alikuwa analia nyonga! Kumbe jambo hili linajulikana kwa madaktari: siku za mwanzo kidonda cha kule mfupa ulikotolewa mara nyingi huuma kuliko cha taya, na wapo wanaomiminia pale ganzi ya muda mrefu kabla ya kushona. Kijana mwingine alikuja na jipu la gego la chini, shavu limejaa, mdomo haufunguki hata upana wa kidole. Ganzi haikushika, akaulizwa kama ni mnywaji. Hanywi. Mwanangu anayesomea utabibu alinieleza kwamba penye usaha pana asidi, na asidi inaizuia ganzi isipenye kwenye mshipa wa fahamu. Hapo daktari huchoma mbali zaidi na jipu, nyuma kule mshipa unakoingilia mfupani, au hutoa usaha kwanza. Kumshikilia mgonjwa na kung'oa hivyo hivyo hakumo. Lidokeini, ganzi tunayochomwa wengi, ilitengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943. Imenizidi umri mbali sana, haiwezi kuwa teknolojia mpya ambayo bado haijatufikia.

Kuhusu chakula sitasema mengi, ingawa ndiyo fani yangu: supu ya mifupa iliyochujwa, uji wa lishe, maziwa, parachichi lililosagwa na kuongezwa maziwa hadi lipite kwenye mrija. Ila nionye jambo moja. Mshipa wa fahamu wa taya la chini ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vinakufa ganzi kwa muda. Mimi nimezoea kuonja vya moto, nikajiunguza mdomo kwa supu bila kusikia chochote hadi nilipoona lengelenge kwenye kioo. Pimeni moto kwa mkono.

Waya ulipofunguliwa mdomo haukufunguka. Misuli ilikuwa imekakamaa. Nilipewa vijiti bapa vya mbao, vile wanavyobania ulimi, niviweke katikati ya meno na kuongeza kimoja kimoja, hadi vidole vitatu viingie mdomoni vikiwa vimesimama. Inauma, na mtu anayeogopa maumivu anaacha. Akiacha, hasa aliyevunjika karibu na sikio, kiungo kinaweza kubaki kigumu maisha yake yote, na kwa watoto hatari ni kubwa zaidi. Kumeza dawa saa moja kabla ya zoezi kulinisaidia kuliko maneno yote ya kutiwa moyo. Hilo nililigundua mwenyewe, halikuandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, ambayo kwanza ilikuwa ya Kiingereza.

Waganga wafawidhi wanaweza kuagiza kesho asubuhi kwamba kila mgonjwa wa taya awe na daftari na kalamu kitandani, na namba yake ya maumivu iandikwe kwenye faili pamoja na joto na presha. Wafamasia nao, wakiona cheti cha mtu mzima aliyefungwa taya, wampimie kwa miligramu, wasimpe kijiko cha mtoto. Nina swali pia kwa wanaotuagizia dawa. Nimesikia kuna parasetamo ya maji yenye miligramu 250 katika mililita 5, ambayo kipimo cha mtu mzima kingekuwa mililita 20 tu. Katika maduka ya dawa niliyopita hapa mjini sikuiona. Inapatikana wapi, na kama haipatikani, tatizo ni nini? Ningeshukuru mwenye jibu aliandike katika ukurasa huu.

Mama lishe,
Msamvu, Morogoro