Fundi gereji anasoma huku anafanya kazi, sisi wa ustawi mbona hapana?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapokea nyingi za mashimo ya barabara na maji yasiyotoka, yangu sio ya mashimo. Mi ni mama wa Makorora hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua na chai, na tangu 2013 ni mhudumu wa kujitolea wa ustawi wa jamii mtaani kwetu. Ulikuja mradi, tukakusanywa darasani siku kadhaa tukafundishwa haki za mtoto na kujaza fomu, tukapewa fulana na cheti, mradi ukaisha wenyewe wakaondoka, fulana ikachakaa ikawa tambara la kudekia, kazi ikabaki. Mwenyekiti wa mtaa ananijua, mabalozi wananijua, mtoto akipigwa saa nane usiku mlango unaogongwa ni wangu.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni mtoto wa mama mdogo wangu. Tumelala kitanda kimoja hapo Chuda mpaka tumekua wakubwa, ye yuko Uingereza tangu 2006. Alianza na kulea wazee kama wengi wanavyoanza, baadae akaajiriwa na halmashauri ya mji mmoja wa kaskazini kule, sio kama afisa, msaidizi tu, yule anayetumwa kumpeleka mtoto akamuone mama yake aliyenyang'anywa malezi halafu anakaa pembeni anaandika kila kinachotokea. Kafanya hivo miaka 6. Mwaka 2024 kavaa joho, kachukua digrii ya ustawi wa jamii na jina lake liko kwenye rejista ya maafisa ustawi wa kule, na hajaacha kazi hata mwezi mmoja, hajalipa ada hata senti, mshahara ulikua unaingia kama kawaida. Aliponiambia kwa mara ya kwanza nkasema huyu ananipanga, nkamwambia hebu rudia taratibu.

Kule wanaita uanagenzi wa digrii. Uanagenzi tunaujua, ni yule kijana wa gereji kule Ngamiani anayeshikishwa spana na kupaka grisi mpaka anakua fundi, sema huu wa kwao mwisho wake ni joho. Unaajiriwa kwanza, au unakua umeshaajiriwa kama yeye, halafu mwajiri ndo anakupeleka kwenye chuo kikuu alichoingia nacho mkataba, unasoma kama miaka mitatu, siku nyingi za wiki uko kazini na kama siku moja hivi ni ya masomo. Kwa upande wa ustawi mpango ulipitishwa 2018 na mwaka uliofuata watu wa kwanza wakaanza. Mwanafunzi wa kawaida kule ada ilikua imefika pauni 9,250 kwa mwaka, watu wanakopa na deni wanazeeka nalo, ye hakuguswa.

Nkamuuliza sasa hela inatoka wapi, au serikali ya kule ina huruma sana? Akacheka mpaka akakohoa. Akanielezea kwenye voisi ya wasap ya dakika saba (huyu dada yenu hajui kufupisha, ni wa kwetu) kwamba tangu Aprili 2017 mwajiri yeyote ambaye mishahara anayolipa kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 anakatwa nusu asilimia ya hicho kinachozidi, na kipindi ye anasoma hiyo hela ilikua haina matumizi mengine isipokua kufundishia wanagenzi, na mwajiri asipoitumia ndani ya miezi 24 inampotea. Kwahiyo halmashauri inajikuta ina hela ambayo haiwezi kununulia gari wala kulipia semina, inabidi itafute mtu imsomeshe. Mi hapo ndo nlipoelewa kwamba sio huruma, ni mfuko umeshonwa mdomo.

Msidhani ni mteremko lakini. Maombi yake ya kwanza yalikataliwa kwasababu cheti chake cha hesabu cha huku hawakukielewa, ikabidi akafanye mtihani wa hesabu upya ana miaka 37, mtu aliyekua anakimbia kipindi cha hesabu tukajificha wote nyuma ya jiko la shule. Akapita. Af siku ya chuo ofisini wanampigia, samahani dakika mbili tu, dakika mbili zinakua masaa mawili, maana wenzake wamezoea kumtuma wanasahau kwamba leo ni mwanafunzi. Asaimenti anaandika usiku watoto wakilala. Na kuna siku 200 za vitendo zinazohesabika moja moja, tena lazima iwe sehemu zaidi ya moja, ye alikua mtu wa watoto wakamng'oa wakampeleka timu ya wazee wanaotoka hospitali, akawa hajui kitu, analia kwenye basi. Kila kesi kuna mlezi wa mafunzo anakaa nae anamuuliza, umeamua hivi kwanini, sheria gani imekuruhusu, na yule mzee mwenyewe ulimuuliza anataka nini? Miaka 6 aliyofanya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza hivo. Na jina la hiyo kazi kule linalindwa na sheria, huwezi kujiita tu, lazima uwe umesajiliwa na Social Work England, chombo kinachosimamia maafisa ustawi wa kule, hao wameanza Desemba 2019, na ukishasajiliwa hakuna anayeuliza ulipita njia ya uanagenzi au ulikaa chuoni miaka yote, digrii ni digrii.

Sasa nirudi kwangu. Kila mwaka wanakuja huku wanafunzi wa fildi, watoto wazuri tu, wana daftari jipya na viatu visivyofaa mchanga. Afisa ustawi wetu ana kata tatu peke yake, anafanyaje? Ananipigia, mama naomba uwazungushe hawa. Mi nachukua baiskeli (Tanga bila baiskeli huendi popote) nawapitisha Makorora, Mwanzange, mpaka Duga, nawaonyesha nyumba ipi unaingia kwa hodi ya mbele na ipi unaanzia kwa jirani, mama gani ukimuuliza habari ya mume wake anakufukuza lakini ukimsaidia kupepeta mchele anakwambia yote. Wiki nane hivi wanaondoka, wanaandika ripoti, wanahitimu. Nimeshazungusha kama kumi na tano. Wawili sa hivi ni maafisa huko mikoani, mmoja ananipigia mpaka leo akikwama na kesi, ananiita mama. Yeye ana namba ya ajira, mi nina nauli ya elfu tano siku nkibahatika. Niliwahi kupeleka barua kwenye ofisi moja kuomba hata kazi ya msaidizi, aliyepokea akaangalia cheti changu cha mradi akanirudishia bila kukikunjua chote.

Mnaweza kuona natafuta ajira kwa uzoefu tu. Hapana, na hapa niseme kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Mwaka 2016 kuna mtoto wa kike wa miaka 9 alikua anateswa na mama wa kambo, usiku huohuo nkamtoa, tukapita dawati la jinsia polisi tukapewa PF3, tukaenda hospitali, asubuhi nkampeleka kwa bibi yake mzaa mama, nkarudi nyumbani nimechoka lakini moyo umetulia kabisa. Sikuuliza nani mwingine analala ile nyumba. Alikuwepo mtu ambaye hakutakiwa kuwepo. Sitaandika zaidi ya hapo. Mtoto tulimtoa, kakulia sehemu salama, form four kamaliza 2024. Ila miezi michache baada ya lile jambo alikuja binti wa fildi, kana miaka 22, tunaongea tu tunamenya vitunguu, akasema mama sisi tulifundishwa kabla hujamuweka mtoto kwa ndugu unauliza kwanza ni nani na nani wanalala humo. Kalisema kirahisi kabisa, hakajui chochote. Nkaenda uani nkalia.

Kwahiyo wanaosema uzoefu unatosha mi sipo upande wao. Sheria ya Mtoto ya 2009 kesi ikifika mahakamani inaangalia ripoti ya afisa ustawi, sio ya mama vitumbua, na naona ni sawa. Ninachotaka ni kufundishwa. Njia iliyopo naijua, nina D zangu nne za form four, astashahada mwaka mmoja, stashahada miwili, digrii mitatu, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama ipo tangu sheria ya 1973 na inafundisha ngazi zote hizo, sina neno nayo. Lakini ni miaka 6 Dar es Salaam, ada, chumba, nauli, na watoto wangu watatu nawaacha na nani, na hiyo mitaa mitatu nayo naiacha na nani?

Na msiniambie sisi ni masikini hatuwezi mambo ya Uingereza. Wao wanakata nusu asilimia, sisi tuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha kutoka 4% ikawa 3.5% ya mishahara. Piga hesabu mwenyewe nani anakata kubwa. Sehemu ya hiyo hela ndo inaendesha VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, na VETA wameshaanza kuwaelewa watu kama sisi, kuna uanagenzi wa hoteli, wa magari, kuna ile ya kurasimisha ujuzi ambapo fundi ujenzi aliyejifunzia mtaani anapimwa anapewa cheti chake halali. Mjomba wangu mwashi kapewa ana miaka 54, kakiweka fremu. Najua halmashauri yenyewe haikatwi SDL, wanaokatwa ni makampuni, lakini mfuko upo, swali ni mdomo wake umeshonwa kuelekea wapi. Mwashi akikosea ukuta unabomoa unajenga tena. Kazi yetu ukikosea nimeshawaambia inakuaje.

Wapo watakaosema digrii ya kusomea kazini ni digrii nyepesi. Niliongea hili na afisa mmoja mstaafu kibarazani kwake akanijia juu kweli, akasema sisi tulisota bwenini nyinyi mnataka kupita mlango wa uani. Namheshimu yule mzee, ila hizo siku 200 za vitendo sidhani kama na yeye alizipata, na alipopangiwa kazi mara ya kwanza alifundishwa mitaa na nani kama sio na wamama kama mimi.

Jambo lingine dogo, maana nikiliongelea hili mtaani vijana wananirukia, shangazi tupe link tuombe. Hakuna link. Ule mpango wa Uingereza ni wa watu wanaoishi kule kihalali na wana ajira kule, sio viza. Kuna mmoja kashaanza kuambiwa atoe laki nane za "usajili" na mtu asiyemjua. Hela yako hiyo kula vitumbua.

Kwa ufupi naiomba wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii ikae na chuo na halmashauri ya jiji letu wajaribu na watu kumi tu. Wachukue wahudumu ambao mitaa inawajua, wawape ajira ya usaidizi hata ya mshahara wa chini kabisa, siku nne kwenye kata na moja darasani hapahapa Tanga, majengo yapo mengi, mwalimu akija mara moja kwa mwezi nyingine tumalizie kwa simu, na afisa mwenye uzoefu apewe posho ya kutukagua kesi zetu. Waanzie na astashahada, anayefaulu apande mpaka digrii, asiyefaulu arudi kwenye vitumbua vyake bila lawama. Watupime kwa ukali, tena wa kweli, sio ule wa kusaini daftari la mahudhurio.

Ila nawaomba, siku wakitoa hilo tangazo wasiandike "umri usiozidi miaka 35" kama baadhi ya matangazo. Mi Desemba nafikisha 43.

Mama wa vitumbua,
Makorora, Tanga.