Hatujabandika Tu: Kilichomo Kwenye Bei ya Orodha Ndefu

"Umenipiga. Orodha nimekupa mwenyewe kwenye Excel, wewe umebandika tu."

Maneno hayo nimeyasikia tena wiki iliyopita, safari hii kutoka kwa mteja wetu wa spea za magari Kariakoo, tuliyemtengenezea tovuti ya duka lake, akilalamikia bei. Naomba nieleze huko kubandika kulivyokuwa.

Orodha yake ilikuwa na mistari 1,400. Kitu kilekile kimeandikwa "shokapu" hapa, "shock up" pale, na kwingine "shock absorber". Ukiiweka tovutini hivyo, anayetafuta shokapu ataona tatu wakati dukani zipo kumi na mbili, ataamini huna, ataondoka. Tulikaa siku nne na kijana wake wa kaunta tukisafisha mstari mmoja mmoja. Leo mtu akiandika lolote kati ya majina hayo, zote kumi na mbili zinakuja.

Mteja alitaka zipangwe kwa alfabeti. Nilikataa, na bado nakataa. Mnunuzi wa spea haanzi na herufi. Pale kaunta anaulizwa kwanza gari gani, kisha namba ya chesesi, ndipo aseme anataka nini. Tovuti nayo iulize vivyo hivyo. Mwenye Toyota IST ya chesesi NCP61, ile ya injini ya cc 1,500, asirundikiwe filta na plagi za magari mengine yote ya dukani. Na kando ya kila chaguo tunaweka idadi ya vilivyopo, asije akafungua ukurasa mtupu kwa bando lake.

Halafu kuna kurudi nyuma. Mtu ameteremka mpaka bidhaa ya 180, amefungua picha, akirudi anatupwa juu kabisa aanze upya. Hataanza. Hilo nalipima mwenyewe kwa simu ya bei ya chini kabla sijakabidhi kazi yoyote.

Mwaka jana mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliona bei yangu kubwa, akaenda kwa mtu aliyemwekea picha za orodha ya bei, kurasa 11 za skani. Kisanduku cha kutafutia hakisomi picha. Bei ya nondo ilipopanda, ikabidi ukurasa mzima uchapwe na kuskaniwa upya kwa ajili ya mstari mmoja. Alirudi kwangu baada ya miezi mitano, faili la mwanzo limeshapotea, tukachapa kila kitu kwa mkono tukisoma kwenye zile picha. Amelipa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ghali kuliko bei aliyoikimbia.

Ndiyo maana tunachaji kwa mistari na hali yake, si kwa ukurasa. Ukituletea orodha yenye bidhaa moja kila mstari, jina moja kwa kila kitu, na gari, chesesi, miaka na bei kila kimoja kwenye safu yake, siku nne zile zinakuwa moja, na siku tatu hatukutozi.