Malalamiko juu ya ngazi na reli mlizofunga Himbi

Goma, mtaa wa Himbi

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Sisi mafundi tunaosimamia ujenzi kwa niaba ya mwenye nyumba tunawaandikia juu ya kazi ambayo fakture yenu inaiita "ngazi na reli kwa kipimo cha nyumba". Hicho kipimo ndicho tunachokilalamikia kwanza.

Fundi wenu alikuja kupima mara moja tu, chini na juu kukiwa bado dali tupu, yaani zege la sakafu lisilofunikwa. Alipata sentimita 310 toka dali hadi dali, akagawa kwa 18, kila kidato kikatoka na kimo cha 17,2. Hesabu yake ni safi, ila hakuna anayeishi juu ya dali tupu. Chini kuna sementi ya kusawazisha na makaro (vigae), jumla sentimita 6. Juu ni makaro na gundi yake, sentimita 2. Toka sakafu iliyomalizika hadi sakafu iliyomalizika ni 306, yaani vidato 18 vya 17 kamili. Kwa upana wa kukanyagia wa 28 mliouweka, kimo mara mbili ukijumlisha na upana unapata 62, katikati ya zile 60 hadi 64 ambazo kila fundi wa ngazi anazijua. Badala yake, kidato cha kwanza kina 11,2 na cha mwisho 19,2. Mguu huzoea kimo kwenye vidato viwili vitatu vya mwanzo, baada ya hapo mtu hapandi tena kwa macho. Hapa anajikwaa akiwa juu kabisa, na nyuma yake ngazi nzima.

Mlitushauri tugundishe ubao kwenye kidato cha kwanza. Ukifanya hivyo cha kwanza kinakuwa 17, cha pili kinabaki 11,4. Kosa limepanda kidato kimoja, basi. Dawa yake ni kuinua kila ubao wa kukanyagia: sentimita 5,8 kwenye cha kwanza, kisha kupunguza kama milimita 2 kwa kila kidato hadi kufika 2,2 kwenye cha 17, maana cha 18 ni sakafu ya juu yenyewe. Na mbao zikiinuka, reli iliyokuwa na sentimita 90 juu ya ncha ya kidato itabaki na 84 huko chini. Kwa hiyo reli nayo inatengenezwa upya. Hatuoni hasara hapo, maana hata hivyo haifai.

Haifai kwa sababu fakture inasema inoksi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) ya aina 304, na kilicholetwa ni aina 201. Fundi wenu alileta sumaku, ikakataa kushika, akasema ndiyo hakikisho. Sumaku haishiki vizuri 201 wala 304, kwa hiyo haitenganishi chochote. Kinachozitenganisha ni nikeli, ambayo katika 304 ni asilimia 8 au zaidi. 201 inayo kidogo, na pengo limejazwa manganizi. Tulitumia dawa ya matone yenye betri: tone liligeuka jekundu kwenye nguzo zote tatu tulizojaribu, ndiyo manganizi hiyo. Mji huu uko chini ya volkano ya Nyiragongo. Moshi wake una salfa, mvua inashuka na asidi, na kila mtu anajua manjanja (mabati ya paa) yanavyoliwa. Kuchagua 201 kwa baraza la nje hapa Goma ni kuchagua kutu. Madoa ya kahawia yameanza kwenye maungio yaliyochomelewa, tena pale hasa mlipopitisha diski ile ile iliyokata chuma cheusi, ikaacha unga wake juu ya inoksi.

Baraza linalotazama ziwa lina hatari kubwa zaidi. Reli yake ina sentimita 88, tuliagiza 100. Nafasi kati ya fito ni 14, na isizidi 11, mtoto asipitishe kichwa. Nguzo zimeshikwa na bolti za M8 (unene wa milimita 8) zenye urefu wa sentimita 8. Ondoa karo 1, ondoa sementi ya mteremko 4: ndani ya zege zimebaki 3. Anayeegemea juu kwa nguvu ya kilo 60 anazivuta bolti za nyuma kwa zaidi ya mara kumi ya hapo, kwa kuwa bamba la chini ni la sentimita 10 tu. Nguzo ya pembeni tayari inacheza ukiisukuma kwa kiganja.

Vioo vya juu ya ngazi ni vya tabaka moja, milimita 8, vilivyoimarishwa kwa moto. Fakture inasema vya tabaka mbili zilizogundishwa kwa plastiki katikati. Tazameni ukingo: mstari wa plastiki haupo. Kikipasuka, kinamwagika chote.

Tunadai vidato visawazishwe kama tulivyoeleza. Reli zote ziwe za 304, bomba lenye unene wa milimita 2. Bolti ziwe za M10 zilizotiwa gundi ya kemikali, sentimita 8 ndani ya zege, karo zisihesabiwe. Na vioo viwe vile vilivyoandikwa. Salio la asilimia 30 halitatoka kabla ya hapo. Baraza tumelifunga kwa mbao tangu jana.

Mje ndani ya siku saba, na aje mwenye kushika mita, si mwuzaji. Ufunguo uko kwa mlinzi.

Mafundi wasimamizi, kwa niaba ya mwenye nyumba