Tuachieni wiki mbili za kutoboa grini

Mhariri,

Mimi ni mtunza nyasi kwenye uwanja wa gofu hapa Dar es Salaam, mwaka wa 19 sasa. Kila tukitoboa grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira, wachezaji hunijia juu: "Fundi, mbona mnatuharibia uwanja?" Naomba nafasi niwajibu.

Kila alfajiri nahamisha shimo la bendera. Chombo cha kukatia hutoka na donge la udongo lenye upana wa milimita 108, na hapo ndipo ninapojua hali ya grini. Donge zuri lina mizizi myeupe iliyoshuka kama ndevu. Donge baya mizizi yake imeishia urefu wa ukucha, chini yake kuna utando mweusi unaonuka yai viza. Na juu nyasi bado ni za kijani! Mchezaji atajuaje?

Miguu ya watu na mashine ya kila siku hushindilia udongo mpaka hewa haipiti. Nyasi zinazokatwa zikabaki milimita 4 hazina akiba ya kuvumilia hilo. Ndiyo maana tunang'oa vijidonge vya unene wa kidole, kina cha sentimita 8 hivi, kisha tunamwaga mchanga wa mto uliochekechwa na kuufagia mpaka mashimo yashibe. Wa baharini hatuugusi, una chumvi. Kwa joto letu, nyasi za Bermuda huziba mashimo hayo katika wiki mbili, tatu.

Mwaka mmoja kamati iliahirisha kazi hii mara mbili kwa ajili ya mashindano ya mdhamini. Masika ilipoingia, maji yalituama siku nne kwenye grini ya saba. Nilikata donge, nikalinusa: yai viza. Nyasi zikafa mabaka mabaka, na wachezaji wale wale wakacheza miezi mitatu kwenye grini ya muda pembeni.

Makatibu wa klabu, ziandikeni wiki hizo kwenye kalenda kabla ya jina la mdhamini yeyote. Novemba inafaa, vuli ikiwa imeshika. Wachezaji waambiwe mapema, na ada ya siku hizo ipunguzwe.

Na walimu ambao viwanja vyenu vya mpira vimekuwa vigumu kama sakafu, uma wa bustani na mchanga vinatosha. Anzieni golini, ndipo panapokanyagwa zaidi.

Mtunza nyasi,
Dar es Salaam