Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya usafiri wa anga: mafuta yapimwe kwa kijiti kabla ndege haijaruka

Mheshimiwa,

YAH: NDEGE NDOGO KUZIMA INJINI KANDO YA ZIWA

Salaam nyingi kutoka Kirumba, Mwanza. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vema na majukumu ya taifa. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wiki iliyopita ndege ya injini moja iliyokuwa ikitoka visiwa vya Ziwa Victoria ilizima injini ikiwa karibu kufika Mwanza. Rubani aliiteremsha kwenye shamba la mpunga na watu wote wako hai. Namshukuru Mungu, na rubani nampa heshima yake. Mke wangu alikuwa ndani. Ni muuguzi, alikuwa akimsindikiza mama mjamzito mwenye rufaa. Yule mama amejifungua salama. Mke wangu amepasuka pingili za uti wa mgongo, amelala chali, na ili ageuzwe ubavu lazima washike watu wawili. Mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa ada za watoto, maana pensheni yangu inaishia dukani.

Kisha tukasikia redioni kwamba chanzo ni "hitilafu ya kiufundi". Mheshimiwa, maneno hayo ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mjaza mafuta ya ndege. Jioni ile ile nilifika shambani. Bawa la kushoto lilikuwa limechanika, tangi liko wazi, na tope lililokuwa chini yake lilikuwa safi. Petroli ya ndege ina rangi ya buluu na harufu yake naijua hata usingizini. Pale sikusikia harufu yoyote. Sisemi nimemaliza uchunguzi. Nasema tangi lile lilikuwa kavu. La kulia sikuruhusiwa kulifikia. Kama nalo lilikuwa kavu, ndege iliishiwa mafuta. Kama lilikuwa na mafuta, basi swichi ya kuchagua tangi iliachwa upande mtupu, na injini ikafa njaa huku chakula kiko mezani. Yote mawili yanazuilika ardhini, kabla ndege haijawashwa.

Wala si mambo ya Mwanza peke yake. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba kati ya mwaka 2011 na 2015 nchi yao ilipata kwa wastani ajali zaidi ya 50 kila mwaka zilizotokana na usimamizi wa mafuta. Zaidi ya nusu ziliishiwa kabisa, na takriban theluthi moja mafuta yalikuwemo lakini hayakuifikia injini. Wale wana pampu kila kiwanja. Huku kwetu kuna viwanja vya changarawe ambako mafuta hukaa kwenye mapipa na kujazwa kwa pampu ya mkono.

Nieleze hesabu moja, kwa sababu ndiko ninakoona tatizo linaanzia. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72. Ukipunguza lita 100, umepata kilo 72, yaani nafasi ya mtu mzima mmoja na nauli yake. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi, ndege inanyanyuka kwa shida, na mwenye ndege anatafuta pa kupunguza uzito. Abiria hapunguzwi. Yanapunguzwa mafuta. Ndege ya aina ya Cessna 206 hunywa karibu lita 60 kwa saa, kwa hiyo akiba ya mafuta ya dakika 30 kwa safari ya mchana ni lita 30 tu. Ikizuka mvua ya ziwa, rubani akazunguka wingu moja, akiba hiyo imekwisha.

Na geji, yaani saa zinazoonyesha mafuta yaliyomo, za ndege hizi hazitoshi kuaminiwa. Hata za ndege kubwa ziliwahi kuua: tarehe 6 Agosti 2005 ndege ya ATR 72 iliishiwa mafuta na kutua baharini karibu na Sicily, kwa sababu ilikuwa imefungwa geji ya ATR 42, ndege ndogo kuliko hiyo, iliyoonyesha mafuta ambayo hayakuwemo. Watu 16 walikufa. Kijiti kikichovywa tangini kingewaonyesha.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Tangi likilala nusu kando ya ziwa, unyevunyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone usiku. Maji ni mazito kuliko petroli, yanazama chini kabisa, mahali ambapo injini inavuta. Nilikuwa nikikinga mafuta ya chini ya tangi asubuhi kwenye kikombe kinachoonyesha ndani: juu buluu, chini tone limejikunja kama shanga. Namwaga, nakinga tena, mpaka iwe buluu tupu. Ni kazi ya dakika chache, na siku hizi nasikia inarukwa kwa sababu abiria wamechelewa.

Mheshimiwa, ulikuja hapa. Ulisimama mbele yetu, ukasema ukaguzi wa ndege ndogo utaanza ndani ya mwezi mmoja na matokeo yatabandikwa kiwanjani ili kila abiria asome. Tulipiga makofi, mke wangu akiwemo. Ubao upo. Hauna karatasi.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walifariki. Ile ilikuwa ikitua katika hali mbaya ya hewa, siifananishi na hii yetu. Ninachokumbusha ni kwamba ukianguka ziwani, unamtegemea mvuvi. Ndege nyingi za injini moja zikizima, kila kilomita moja ya kimo huzipa kama kilomita tisa za kuelea. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 170, sehemu kubwa maji.

Najua kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30 kwa ndege zenye uzito unaozidi kilo 2,250, na kwamba ndogo zaidi zimewekewa masharti mepesi. Abiria wa ndege ndogo si nusu mtu. Ripoti itolewe, na iseme kulikuwa na lita ngapi katika kila tangi.

Nilitaka kuomba mengi: fidia, matibabu, mapipa yaondolewe. Fidia nitaidai kwingine. Kwako naomba hili: kila ndege ndogo inayobeba abiria ziwani, kabla ya kuruka, mafuta yapimwe kwa kijiti, yakingwe kwenye kikombe, lita ziandikwe kwenye karatasi, rubani na mjazaji watie sahihi, nakala ibaki kiwanjani. Karatasi moja tu. Mfano wake nimeuandika kwa mkono na nimeuambatisha. Agizo hilo litoke kabla ya mvua za vuli, Mheshimiwa, na libandikwe kwenye ule ubao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjaza mafuta mstaafu,
Kirumba, Mwanza