Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari: tupe kipindi cha kucheza maktabani

Ndugu Afisa Elimu,

Kila Januari kidato cha kwanza wakiripoti, tunawaingiza maktabani, tunawasomea masharti (usile, usipige kelele, usikunje kurasa), kisha tunawatoa. Wengi hawarudi mpaka mitihani inukie, tena wanakuja na madaftari yao kutafuta viti tu. Siwalaumu. Makatazo wameyajua, vitabu vilipo hawajui.

Ombi langu ni kipindi kimoja kwa wiki, muhula wa kwanza tu, tuwafundishe maktaba kwa michezo.

Gharama hakuna. Nakata vipande vya boksi, naandika namba kama zile za migongoni mwa vitabu, kila kundi linapewa lake lizipange. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Umwagiliaji ni 631.587, mbolea ni 631.8, ipi inatangulia? Karibu darasa zima litasema mbolea, eti nane ni ndogo kuliko mia tano themanini na saba. Nukta wameisahau. Basi wanakimbilia rafu ya kilimo kuhakikisha, wanakuta umwagiliaji umetangulia, na wakirudi wanaelezana wenyewe. Mwalimu wa hisabati akipita wakati huo, somo lake la desimali limeshafundishwa.

Halafu vitendawili. Natega: sarufi ya Kiswahili iko 496.392, riwaya za Kiswahili je? Wote wanavamia rafu ileile ya lugha, wanatoka mikono mitupu. Fasihi iko mbali kabisa, 896.392. Mpangilio huu ulianzishwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, nao unatenga lugha na fasihi. Fasihi za Ulaya zimepewa nafasi tele, za kwetu zimebanwa huko mwishoni. Vijana wakiligundua hilo huuliza maswali makali, nami nayapenda.

Kelele zitakuwepo. Wakuu wa shule hawatazipenda, na wathibiti ubora wamezoea kuhesabu vitabu na kukagua daftari la kuazimia. Ndiyo maana nakuandikia wewe: waraka wako ukisema kipindi hicho ni halali, hakuna atakayetufukuza. Na wathibiti wakija, wamwambie mwanafunzi yeyote awaletee kitabu cha mbolea, wamtazame anaelekea rafu gani.

Kama fungu lipo, kila shule ipeleke mwalimu mmoja kwa mafunzo mafupi katika Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, Bagamoyo. Kama halipo, tuanze na maboksi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa maktaba