Sulisuli aliyepakatwa hafiki mbali

Mhariri,

Kaskazi ikishika, boti za kukodi za Watamu na Malindi hujaa wageni wanaofuata sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu wenye ncha na pezi la mgongoni kama tanga, na siku hizi si Wazungu pekee. Familia za Nairobi na Mombasa nazo huchangishana kwa siku moja ya bahari kuu. Wakirudi husema samaki wao "walimwachia". Walimwachiaje?

Mara nyingi huwa hivi: sulisuli afikapo ubavuni hoi, mmoja humshika mdomo, mwingine shina la mkia, akapandishwa na kupakatwa mapajani. Simu zinatoka, na mtu wa pili naye anataka picha yake. Kisha samaki anasukumwa majini, anazama kama gogo huku boti nzima ikipiga makofi.

Sulisuli hupumua kwa kuogelea mdomo wazi ili maji yapite kwenye mashavu yake ya kupumulia. Baada ya kuvutana dakika 20 pumzi imemwishia, na wakati huohuo ndio anatolewa majini, na ute unaoikinga ngozi yake unabaki kwenye fulana za watu. Marekani, upande wa Atlantiki, sheria hairuhusu samaki wa jamii hii anayeachiwa kuinuliwa nje ya maji. Mpigeni picha mumo humo majini. Hata picha hutoka nzuri zaidi, milia ya buluu ikiwa haijafifia.

Lakini mengi huharibika mapema zaidi, kwenye ndoana. Ile ya umbo la J humezwa ikachoma tumbo au mashavu. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imegeukia shina, huteleza hadi ikanasa kona ya taya. Iwe bapa: ukiilaza mezani ilale yote, kwani iliyopindwa upande hupoteza sehemu ya faida hiyo. Ifungwe juu ya kichwa cha chuchunge, ncha ikiwa wazi, isizikwe ndani ya mwili wa chambo. Hapa wazoefu wa mshipi wa mkono ndio hukosea zaidi, maana mkono umeshazoea kukutua. Ukikutua, umemnyang'anya chambo. Sulisuli akichukua, achia rili (gurudumu la mshipi) izunguke huru, hesabu hadi 5, kisha kaza breki polepole ufito ukimwelekea. Mshipi ukinyooka, ndoana imeshanasa yenyewe. Kwa mshipi unaohimili ratili 30, breki ya ratili 8 hadi 10 inatosha. Kutumia mshipi mwembamba ili mgeni afaidi mvutano mrefu ni kumchosha samaki bure.

Akifika ubavuni, nahodha asizime mashine wala asirudi kinyumenyume. Aende mbele kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baharia avae glavu, ashike mdomo kwa mikono miwili, vidole gumba vikitazamana, ncha ikiwa mbali na tumbo lake, ili samaki akiruka aweze kumsukuma. Kichwa kisitoke majini. Ndoana inayoonekana itolewe kwa koleo. Iliyomezwa usiivute, kata mshipi karibu nayo kadiri uwezavyo (na kwa sababu hiyo ndoana zisizoshika kutu ziacheni dukani). Kama boti ina vitambulisho vya African Billfish Foundation, shirika linalowatia alama samaki hawa kwa utafiti, kimoja kichomwe kwenye misuli ya mgongo, chini ya tanga na juu ya mstari wa ubavu. Urefu hupimwa kutoka ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia. Ule mdomo mrefu hauhesabiwi, maana huvunjika.

Endelea kumshika hivyo. Rangi ya shaba aliyoipata kwa uchovu ikianza kurudi buluu, mkia ukapiga, akaanza kukuvuta mkono, mwachie. Pengine ni dakika 2, pengine 10, na wengi hukosa subira kwa kuwa chambo nyingine zinangoja kuvutwa.

Simsemi mvuvi wa mashua anayempeleka sulisuli sokoni. Yule anauza kitoweo. Mgeni anayetaka kula naye amwambie nahodha mapema, wafuate nguru, falusi au jodari.

Kabla ya kulipa amana, omba uonyeshwe kisanduku cha ndoana, kisha uliza picha ya sulisuli hupigiwa wapi. Ukijibiwa "hapa kwenye kiti," tafuta boti nyingine.

Msomaji wako,
Watamu